Bi. Hayupo

Kijitonyama, saa nane usiku, umeme umerudi.
Tumpale anafuta kanzidata yote,
anapanda upya wateja wake watatu:
Jaribio Majaribio, Fulani bin Fulani,
na Bi. Hayupo wa Mtaa wa Hakuna.
Hupiki leo kwenye sufuria yenye ukoko wa jana.

Mwaka juzi alijaribia majina ya kweli.
Ujumbe ukaponyoka: *Deni la maji, laki nne.*
Kulipokucha, mama wa Mbagala alikuwa mlangoni,
anafungua fundo la kanga.
"Nimepata elfu thelathini tu, mwanangu."

Anabonyeza. Kijani.
Anafuta, anapanda, anabonyeza. Kijani.
Mara ya tatu, nyekundu,
na Tumpale anacheka peke yake:
afadhali tuangukie kwako, Bi. Hayupo,
wewe huna fundo la kufungua.