Aya ya Tisa

Kiapo chake nilikichapa mimi,
hapa Majengo, steshenari ya mlango mmoja,
upepo wa Septemba ukipenyeza vumbi kati ya herufi.
Mama Mbeleje Chisunga, mkulima wa zabibu, Hombolo,
alisema, nami nikagonga:

kwamba siku sita simu ilikuwa kioo tu cha kujitazamia;
kwamba mnunuzi hakujua mavuno yameiva,
wala yeye hakujua lori limeishia wapi;
kwamba kreti arobaini na tatu

Akanyamaza. Kisha:
"Andika na nyuki, walivyokuja.
Andika na harufu, mwanangu, ilivyolala nasi ndani."

Nikaandika. Ikawa aya ya tisa.

Wakili Ndahani akapitia na kalamu nyekundu.
"Mahakama hainusi," akasema, bila ubaya,
akaikata. Ya kumi ikapanda, ikaitwa tisa.

Walidamka na basi la Kondoa, Babati, hadi Arusha,
mbele ya mahakama ya kanda, majaji wa nchi mbalimbali
ambao bwawa la Hombolo hawajapata kuliona.
Mmoja, alinisimulia, aliuliza kwa upole sana:
"Mtandao ulipozimwa, ulipoteza nini hasa?"
Mama akaitazama mikono yake.
"Sauti. Zabibu zilifuata."

Mkalimani alisita kidogo hapo.

Kesi ikatajwa, ikaahirishwa, ikatajwa.
Mizabibu ikapogolewa mara nne, ikazaa mara nne.
Hukumu ikaja siku umeme umekatika,
kwenye simu yangu yenye chaji asilimia saba,
kurasa themanini; tukaisoma mbio
kama watu wanaoanua nafaka mawingu yakishatanda:
kwamba aliyezima hakuonyesha sheria iliyomruhusu;
kwamba kusema na kusikika si fadhila ya mtu.
Fidia: haikuthibitishwa.
Gharama: kila upande ubebe zake.

"Kwa hiyo nilikuwa na haki," akasema,
"ila hela sina."
"Ndivyo, mama."
Akacheka mpaka akaushika mlango.
"Basi nichapie. Nakala mbili. Moja ya ushirika,
wakizima tena tusianze kutafuta maneno."

Umeme uliporudi nikachapa.
Ile ya pili, yake, kabla sijaibana,
nikachomeka karatasi moja isiyo na namba,
nyuki, na harufu ilivyolala nao ndani,
na hiyo sikuihesabu kwenye bei.