Saa Nne Kasoro

Pedali imeshuka Tabora na treni, ndani ya soksi.

Kwanza umeme: volti tisa, hasi katikati.
Adapta ya jana ilinuka plastiki;
Mlekwa akacheka hadi Isevya yote ikasikia.

Leo taa nyekundu imewaka.
Nachagua ukumbi. Napiga uzi mmoja:
kuta za matofali mabichi zinarudi nyuma,
bati linapaa, nimo kanisani peke yangu.
Kubwa mno. Gitaa linajibu kabla sijamaliza kuuliza.

Napunguza mkia wa sauti, robo, robo tena,
natafuta jiko la mama kule Ng'ambo:
sufuria ukutani, mlango wa mbao,
jina langu likifika mara moja na nusu.

Kijitabu hakina jiko.
Nobu naibandika plasta, saa nne kasoro,
Nyamizi asiisogeze akifagia.