Mraba wa Kumi na Saba

Bamvua. Maji ya Kigombe yamekupwa hadi ukingo wa mwamba.
Kandambili yangu moja imezama matopeni;
Mwanatumu hageuki: "Iache. Shika kamba."

Mita mia, na kila baada ya mita tano
tunalaza fremu ya bomba tuliyoikata wenyewe,
tunainama, tunahesabu.
Naandika kwa penseli, maana wino na chumvi hawapatani.

Mraba wa pili: majani ya bahari, nusu nzima.
Kauri watatu. Kiti cha pweza,
mkono mmoja umekatika, unachipua upya.
Wa sita: jongoo. Nilimnyanyua nimpime,
akanitapikia nyuzi nyeupe
zikaning'ang'ania vidoleni kama ulimbo.
Mwanatumu alicheka hadi akakaa majini.

Wa kumi na saba: mchanga.
Mchanga, na matumbawe yamelala vipande vipande
kama vigae vya mtungi.
Nikaisukuma fremu kwa kisigino,
kidogo tu,
upande wenye majani.

"Irudishe."
Hakupaza sauti.
"Hapa baba alirusha chupa ya baruti.
Nilikuwa darasa la pili. Tulikula changu wiki nzima,
mama akanunua mabati mawili."

Nikairudisha.
Ncha ya penseli ilikuwa imekatika;
akaichonga kwa meno, akatema mbao, akanipa.
Niliandika sifuri,
kubwa kuliko kisanduku chake,
na maji yalikwisha kutufika vifundoni,
na miraba ilibaki minne.