Pindo la Akiba

Valdivia, mvua ina siku ya kumi na moja.
Kuni zimelowa, jiko linakohoa,
nami nimepiga magoti sakafuni,
pini mdomoni, chaki nyuma ya sikio,
nakata pazia la watu.

Nililiokota kwenye rundo la mitumba, mtaa wa Picarte,
peso elfu mbili, likinuka kabati la nyumba nisiyoijua:
maua ya manjano, majani ya kijani kilichochoka,
na upande mmoja jua la dirishani
limekwisha kula rangi.
Muuzaji akauliza, dirisha lako lina upana gani?
Nikamwambia, sishoni dirisha. Nina mtoto.

Mchana kutwa napima kome kiwandani,
milimita kwa milimita, naandika daftarini.
Nikirudi napima tena,
ila huyu wa kupimwa hatulii:
Eluney, miaka mitatu na robo,
anakimbia na futi kamba shingoni
kama mbwa aliyekata mnyororo.
Kifua: hamsini na mbili, au na tano.
Urefu wa mguu: kesho.

Watu huniuliza, ya nini kujisumbua?
Pale dukani suruali tatu
kwa bei ya uzi wako.
Kweli. Nimepiga hesabu, sibishi.
Ila duka gani litaniuzia
ile saa nne ya usiku, mtoto amelala,
mguu wangu juu ya kanyagio,
cherehani niliyoachiwa na Edelmira alipohamia Osorno
ikitafuna kitambaa taratara, taratara,
na mawazo yaliyonizonga tangu asubuhi
yakipanga foleni, moja moja,
kupita tundu la sindano?

Usidhani mimi ni fundi.
Suruali yangu ya kwanza
ilikuwa na miguu miwili ya kushoto.
Nilifumua, nikashona, nikafumua,
nikalia kidogo, nikala mkate.
Eluney akaivaa vilevile, nyuma mbele,
akaenda nayo chekechea akitembea kikaa,
akakataa kuivua siku nne.
Mfuko nilioubandika gotini kwa bahati mbaya
akautia jiwe.
Mwalimu Sigrid alinitazama, akatazama goti,
akasema mvua ni nyingi mwaka huu.

Sasa pazia limezaa nguo mbili.
Gauni langu, lenye mifuko inayofika mapajani,
maana nimechoka na nguo
zisizo na pa kuficha mkono.
Na ovaroli yake, vifungo vinne,
kimoja si ndugu wa wenzake.
Upande uliofifia nimeuweka mgongoni kwangu;
maua yaliyokolea nimempa yeye.

Jumapili mvua ilipumzika kidogo,
tukateremka soko la samaki kando ya mto.
Simba wa baharini walipiga miayo ukingoni,
wanene, hawana deni la mtu.
Mama muuza samaki akasimamisha kisu hewani,
akatutazama juu hadi chini, mkubwa na mdogo,
ua kwa ua.
Kabla sijapata la kusema
Eluney akajipiga kifua, akatangaza soko zima:
Sisi ni dirisha!

Chini ya kila mguu wa ovaroli
nimekunja vidole vinne vya kitambaa.
Juni ijayo nitafumua kimoja,
Juni ya pili kingine,
na kila mara utabaki mstari
ambao pasi haiufuti:
alikuwa hapa. Kisha hapa.
Na ndani ya mkunjo, najua, nitakuta mchanga,
mbegu, kipande cha biskuti,
na manjano ambayo hayajawahi kuonwa na jua.

Gauni langu halina pindo la akiba.
Mimi sirefuki tena.
Kiunoni, hapo nimejiachia inchi mbili,
na tusiyazungumze zaidi.

Mvua imerudi juu ya bati.
Nakusanya pini, nazihesabu, moja haionekani,
nitaipata kwa unyayo.
Kuna kipande kimebaki, ukubwa wa leso.
Kinatosha kofia ya mtoto,
au kosa moja dogo.