Kisu cha Idi

Mwaka huu mvua ilitangulia wageni.
Ilishuka usiku wa tarehe ishirini na mbili, bila hodi,
ikapiga bati la jikoni hadi Mama akaamka,
akasimama mlangoni na khanga ya kulalia,
akanusa udongo.
"Kesho tunapanda," akasema.
Hakusema kesho tunachambua mchele.

Basi Krismasi yetu ya Kikombo ilianzia shambani:
Sechelela, aliyeshuka jana kwenye treni ya umeme,
viatu vya Kariakoo mkononi;
shemeji wa Tukuyu akiuliza uwele huliwa na nini;
mimi nikifukia mbegu kwa kisigino
kama nilivyofundishwa nikiwa na miaka sita;
na Mama mbele yetu, halitui jembe,
kama mtu anayedaiwa.
Uwele haujui sikukuu, anasema.

Tarehe ishirini na nne tulirudi na matope magotini.
Beberu alikuwa kafungwa kwenye gurudumu la mkokoteni,
baka jeupe usoni, akitutazama
kama karani wa kijiji siku ya michango.
Hapo tukakumbuka, wote kwa pamoja,
na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema.

Kwa miaka ishirini na sita mbuzi wetu wa Noeli
alichinjwa na Bwana Idi, fundi pancha, Mrangi wa Kolo.
Alikuja alfajiri, kanzu kaikunja kiunoni,
kisu kakifunga kwa gazeti.
Alimlaza mnyama, akamwelekeza kibla,
akataja Jina kwa sauti ndogo,
kisha akanywa chai yetu, vikombe viwili, sukari nyingi.
Marehemu Baba alikuwa na neno lake:
mbuzi asiyeliwa na jirani si wa sikukuu,
huyo ni kitoweo tu.

Idi tulimzika Agosti.
Sufuria letu la pilau lilikaa msibani kwao siku tatu.

"Mimi naweza kumchinja," akasema shemeji,
akikunja mikono ya shati.
Mama hakumjibu.
Aliendelea kumenya vitunguu swaumu.

Kwenye mkesha umeme ulikatika katikati ya masomo.
Mchungaji akaisoma Luka kwa tochi ya simu ya Nyemo,
kioo chake kimepasuka,
hata malaika wakaangukiwa na ufa ukutani.
Kwaya haikungoja taa.
Tulirudi tukiruka madimbwi, watoto migongoni,
na beberu bado anatafuna, bado hana habari.

Alfajiri, hodi.
Athumani, mtoto wa Idi, kidato cha tatu,
sauti yake inapanda na kushuka kama redio ya mkulima.
"Mbukwenyi," akasema. Gazeti lilikuwa jipya.
Kisu kilikuwa kile kile.
"Mama anauliza mbona hamkuniita."

Mikono ilimtetemeka.
Uani kwetu, macho yetu yote yakimtazama,
akababaika, akamgeuza mbuzi upande wa barabara.
Mama, mzee wa kanisa, aliyeshika miguu ya nyuma,
hakufungua kinywa. Alielekeza kwa kidevu:
kule, nyumba ya mwalimu Chiwanga.
Athumani akageuka.
Akataja Jina.

Saa nane pilau ikavuka njia
kwenye sahani ya bluu yenye ua,
ambayo hakuna tena anayekumbuka ilianzia nyumba gani.
Ilirudi jioni na kashata.
Haijawahi kurudi tupu, hata mwaka ule wa njaa;
mwaka ule ilirudi na chumvi.

Mvua ikaanza tena tukiwa bado tunakula.
Mama aliacha mfupa, akasikiliza,
akahesabu kitu kwa vidole chini ya meza.

Kisu Athumani alikisahau.
Au alikiacha.
Mama amekiosha, akakirudisha kwenye gazeti lake,
akakiweka juu ya kabati,
kando ya kibuyu cha mbegu zilizobaki.