Kumi na Mbili Nukta Nne

Nesi Luvanda aliandika namba kwenye cheti,
akaipigia mstari mara mbili, kama mwalimu aliyekata tamaa.
Kumi na mbili nukta nne.
Nikakikunja, nikakitia mfuko wa shati
pamoja na karatasi za wanaonidai.

Mimi ni fundi pikipiki hapa Ifunda.
Soda ndiyo maji yangu,
chapati mbili kabla ya kushika spana,
na jioni ugali mweupe, umekobolewa ukakobolewa
hadi mahindi yenyewe yasingeutambua.

Shangazi Semduda hajui kusoma. Alikitazama cheti,
akanitazama kitambi.
"Mwezi mmoja," akasema. "Mdomo wako nautawala mimi."

Basi Desemba, umande unauma vifundo,
nikamfuata na kikapu, mtu mzima na ndevu zangu,
tukapita kwenye misonobari iliyopangwa mistari kama daftari.
Humo hakuinama hata mara moja.
"Miti hii imekuja kufanya kazi," alisema,
"haikuja kuishi."

Ng'ambo ya korongo, chini ya miombo iliyosalia, ardhi ilifunguka:
wisogolo, uyoga wa manjano, umekaa makundi makundi
kama wake wenza waliopatana;
mnavu;
kishona nguo kikining'ang'ania suruali,
kisijue kwamba mimi ndiye niliyekuja kukichuma;
makusu yaliyodondoka usiku,
ganda la kahawia, ndani utamu wa kusinzia.
"Matano, basi. Hiyo nayo ni sukari,
usijidanganye kwa kuwa haina kizibo."

Siku tatu za kwanza kichwa kiligonga
kama injini iliyokaukiwa oili.
Tumbo lilihutubia mbele za wateja.
Niliota mandazi, nikaamka natafuna shuka.
Siku ya tisa nililala nikatoka nje mara moja tu.
Siku ya kumi na tisa nilitoboa mkanda tundu jipya, kwa msumari,
na ulimi ukaanza kusikia,
ukajua mnavu wa kichuguuni si mnavu wa bondeni,
jambo ambalo sikuwa na mtu wa kumwambia.

Siku moja nikauona uyoga mweupe, safi,
umesimama peke yake kama bibi harusi.
Nilikuwa nimeshauinamia.
Shangazi alinipiga mkono kwa fimbo, hasa, hadi nikavimba.
"Huu ulizika nyumba nzima. Watoto wanne
na mama yao aliyeonja chumvi."
Hakutaja jina wala kijiji.
"Pori si mama yako, we mtoto. Pori halikujui."

Jioni hiyo ndipo nilipogundua kwamba yeye hali.
Majani yangu ananipakulia,
halafu anageukia chungu chake kidogo, cha ugali.
Nikamuuliza.
Akapuliza moto kwanza, moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

"Mwaka ule mvua zilipotukimbia
tulikula haya miezi saba, bila chumvi.
Mdogo wangu, Lunyiliko, alikuwa ameanza kutembea.
Akaacha.
Kwako ni dawa," akasema,
"kwa sababu mwezi wako una mwisho."

Nilimaliza sahani. Mlenda ulikuwa umepoa,
ukashuka kooni kama neno nisilotaka kulimeza.

Nesi alinitoboa kidole: nane nukta sita.
"Umefanyaje?"
Nikataja vidonge vyake, kisha shangazi, kisha korongo.
Akaandika vidonge.
"Usiviache," akasema, na hapo alikuwa sahihi.
Lakini aliniuliza pia, kalamu ikiwa chini,
kama mwakani kikapu kitamtosha mtu wa tatu.

Wakati wa kurudi nilipita sokoni,
nikamnunulia shangazi mchele wa Usangu, kilo tano.
Aliupokea kwa mikono miwili, akaumwaga kwenye ungo,
akauchambua punje kwa punje, jua likimwacha pale pale,
na chenga, ambazo watu wote huwarushia kuku,
akazifunga kwenye kitambaa,
akazificha.