Mgongo wa Kiti

Fundi wa Bombolulu alitaka elfu mbili,
na gari lilale kwake.
Nikamwambia, yakhe, anayetaka kulala ni mwanangu, si gari.

Twahiri, miaka tisa, plasta kiunoni hadi kidoleni,
mguu mweupe kama nguzo ya baraza,
haukunjiki, umesahau goti ni nini.
Kila Jumanne kliniki, Makadara.
Tuktuk ya kwanza ilikataa.
Ya pili alicheka kwanza, ndipo akakataa.

Mwalimu Kazungu akaja na ufunguo wa Starleti yake,
akauweka juu ya cherehani yangu, kando ya uzi.
"Toa mgongo wa kiti cha mbele, kile cha kushoto.
Siku hizi hakikaliwi."
Alikuwa akitazama mlango.
Sikuuliza.

Basi nikapiga magoti uani, leso nimeifunga kibwebwe,
spana za kuazima zimepangwa juu ya gunia.
Nikakisukuma kiti mbele hadi mwisho wa reli,
nikabandua vifuniko vya plastiki; kimoja kikakatika sikio.
Bolti nne, namba kumi na nne:
mbili upande wa mlango, mbili upande wa breki ya mkono.
Tatu zilikubali.
Ya nne ilishikwa na kutu.
Chumvi ya mji huu hula hata bawaba za kabati la ndani,
sembuse gari linalolala nje.
Nikaitilia mafuta ya breki, nikangoja adhana ya alasiri ipite,
nikaitilia tena, nikaibembeleza kama mbuzi aliyegoma njiani,
nikaigonga nyundo, nikaitukana,
lakini polepole, maana mavyaa alikuwa dirishani.
Ikatoka na mlio wa jino.

Mgongo ukaniangukia mikononi, mzito kuliko nilivyodhani.
Hauna pa kuushika.
Huubebi ila kwa kuukumbatia.
Kitambaa kimefifia mahali bega la mtu lilipozoea,
na juu, pa kichwa, harufu ya mafuta ya nywele
haijamaliza kuondoka.
Nikauegemeza ukutani,
kitu kilichozaliwa kuegemewa,
nikakifunika shuka kuku wasikidonoe.

Jumanne: godoro la sponji kutoka kiti cha nyuma hadi dashibodi,
na mtoto juu yake, kama rula ndani ya mkebe.
Askari pale Nyali akainamia dirisha.
"Kiti kiko wapi?"
"Nyumbani, kinapumzika."
Akauona mguu. Akatupungia mkono twende.

Wiki kumi na moja.
Mwalimu akiendesha hasemi,
nami nyuma nimejikunja, nimeshika kichwa cha mwanangu.
Twahiri akiusoma mji kwa dari lake:
"Nyaya tatu na kunguru, Kongowea hapa."
"Hakuna kitu, buluu tupu. Tuko darajani."
"Mashuka ya watu, madishi, kiatu kimening'inia wayani,
tushaingia mjini, Mama, sasa atakata kulia."
Na kweli, Mwalimu akikata kulia.

Plasta ikapasuliwa. Ndani mlikuwa na mguu
mwembamba kama muhogo uliomenywa.

Nikaurudisha mgongo wa kiti siku ya Jumapili.
Kutoa kulikula alasiri nzima; kutia, nusu saa na grisi kidogo.
Mwalimu alisimama nyuma yangu, mikono mfukoni.
"Usiulaze sana," akasema. "Ulikuwa tundu la tatu."
Nikavuta wenzo, nikahesabu kwa sauti ili asikie:
moja,
mbili,
tatu.
Ukashika.
Akasema ahsante, mara mbili, kama kwamba gari ni langu.

Jumanne ya mwisho Twahiri amekaa mbele kama bwana harusi,
mkanda kifuani, magoti mawili yamekunjwa.
Tukapita mikokoteni, tukapita wauza viazi, milango, nyuso za watu,
naye shingo huku, shingo huku,
hata tulipokaribia daraja akanigeukia, ana wasiwasi:
"Mama, mbona leo tumepita njia nyingine?"